Swedi Najua na Magofu ya Mwami

Mtaa mzima wa Biryogo hakuna aliyewahi kumsikia Swedi Rugamba akisema "sijui". Marehemu mkewe aliishi naye miaka kumi na sita asilisikie neno hilo. Imamu hakulisikia, wala polisi wa barabarani. Swedi alikuwa dereva wa kukodiwa, mwenye Peugeot 504 rangi ya maziwa ambayo mlango wake wa nyuma ulifunguka kwa nje tu, na kwa maoni yake dereva anayesema hajui njia ni sawa na kinyozi anayeuliza nywele ziko wapi. Ukimwambia unakokwenda, alijibu "Najua" kabla hujamaliza kusema. Ndiyo maana watu wakamwita Swedi Najua, naye akalipenda jina hilo, maskini, akidhani anasifiwa.

Siku moja abiria aliomba kupelekwa kwa fundi viatu mmoja wa Nyakabanda. Swedi akamzungusha Nyakabanda asubuhi nzima, akipanda na kushuka vichochoro kwa uso wa mtu aliyezaliwa huko, mpaka yule abiria akamwona fundi mwenyewe akivuka barabara. "Si nilikuambia najua?" akasema Swedi. Mara nyingine alipeleka waombolezaji saba kwenye mazishi, akawashusha penye mazishi mengine kabisa. Walilia, wakala, wakarudi nyumbani wameridhika, na hawakugundua kosa mpaka marehemu wao halisi alipofikisha siku arobaini.

Mwaka huo wa 1990 Swedi alikuwa na miaka arobaini na saba, mgane wa miaka mitano, na alikuwa na haja moja tu duniani: kumwoa Mukasine. Mukasine alikuwa na mgahawa nyuma ya msikiti, wa chai ya maziwa, chapati na maharage, na alikuwa na cheko lililosikika mpaka kwa mafundi cherehani wa mtaa wa pili. Mama yake alikuwa Mnyarwanda, baba yake mfanyabiashara wa vitambaa aliyetoka Kilwa akaja na malori, akaoa, akafia hapa hapa. Swedi alipopeleka posa, Mukasine alimtazama kwa huruma.

"Swedi, weye iko mutu muzuri," alimwambia. "Lakini bwana mwenye kujua kitu yote, mi nitamwambia nini? Tutakaa namna gani mu nyumba?"

Hata hivyo hakukataa. Alisema baba yake hayupo, na mwenye kauli katika jambo hilo ni dada wa baba, shangazi yake wa Kilwa, ambaye angekuja mwezi wa saba. Akikubali shangazi, na yeye amekubali. Akikataa, Swedi ataendelea kunywa chai yake kama mteja yeyote. Swedi akahesabu siku kama mfungwa.

Shangazi akaja. Aliitwa Bi Siwatu, mwalimu mstaafu, miaka thelathini na mmoja ya chaki na historia, mfupi, magoti mabovu, miwani iliyofungwa uzi, na jicho ambalo lilikuwa limeshasikiliza visingizio vya watoto elfu kadhaa. Kwa wiki nzima hakutamka neno kuhusu posa. Alikula, aliswali, alitembezwa. Kisha Jumanne, akiwa amebakiza siku tatu tu kabla ya safari yake ya Ijumaa, akamwita Swedi mezani.

"Nasikia una gari," alisema.

"Gari iko, shangazi. Safi kabisa."

"Shangazi wa nani?"

Swedi akajirekebisha haraka. "Samahani, mama."

"Haya. Nataka kukukodi Alhamisi, kutwa. Gari liwe langu peke yangu. Sitaki abiria wengine, sitaki kuku, sitaki magunia. Nataka unipeleke kwenye magofu."

"Magofu," alirudia Swedi, kwa sauti ya mtu anayechagua moja kati ya mengi.

"Magofu ya wafalme wenu. Mimi nimekulia karibu na magofu ya masultani, nimewapeleka wanafunzi huko kila mwaka. Siwezi kurudi Kilwa nikiulizwa niseme nimeona soko na stendi. Na usinipeleke Nyanza, kwenye ikulu ya makumbusho, nimeshapelekwa. Pazuri, lakini pana mlango na mlinzi na kitabu cha wageni. Nataka mahali pa kale, palipoachwa. Unapajua?"

Nyuma ya meza ya unga, Mukasine aliacha kusukuma chapati. Alimkazia Swedi macho, na macho yale yalikuwa yanamwomba kitu. Mtu mwingine angeelewa. Swedi alidhani anapendwa.

"Najua," akasema.

Hakujua. Miaka ishirini na minne ya usukani, kutoka Cyangugu mpaka Byumba, hakuwahi kuona gofu la mwami, yaani mfalme. Na kuuliza hakuweza, maana kuuliza ni kukiri. Alichofanya ni kwenda kwenye kijiwe cha madereva wenzake, akaegemea gari la mmoja wao, na kusema kijuujuu, kama mtu anayezungumzia mvua, "Ile barabara ya magofu ya mwami siku hizi iko mubaya, si ndiyo?" Alitegemea mmoja atasema, ile ya mahali fulani? Hapo angeondoka na jina.

"Mubaya sana," akajibu wa kwanza. "Sana sana kisha ya daraja."

"Na wamebadilisha gadi," akasema wa pili. "Ule wa zamani alikuwa mupole."

"Mi nilipita kule juzi," akasema wa tatu. "Mavumbi tu."

Swedi aliondoka pale akiwa na daraja, gadi na mavumbi, vyote vya mahali pasipokuwapo. Hakuwalaumu. Hata yeye angejibu hivyo hivyo.

Ndipo akakumbuka ghala. Kila Jumatano alipakia wafanyabiashara wa viazi kwenda na kurudi kwa barabara ya kaskazini, na juu ya kilima kimoja (hatutakitaja, wenyewe wasije wakaanza kutoza kiingilio) palikuwa na kuta za mawe za ghala la kahawa lililoachwa tangu enzi za Wabelgiji. Halina paa. Nyasi zimeota ndani. Limebomoka vizuri kabisa. Kilichohitajika ni mfalme tu, na mfalme Swedi angemleta mwenyewe.

Alhamisi asubuhi aliosha gari mpaka chini ya madigadi, akavaa kofia yake ya Idi, akafika mlangoni kwa Mukasine kabla ya saa aliyoambiwa. Mukasine alipakia kapu la chapati na sambusa na chupa ya chai, kisha, wakati shangazi anatafuta fimbo yake, akainama kwenye dirisha la dereva.

"Swedi, kama hujui, sema sasa. Mi nitamwambia gari imeharibika."

"Weye! Gari yangu iharibike?"

Mukasine alipumua, akamfungulia shangazi mlango wa nyuma kwa nje, akaufunga.

Walishuka Nyabugogo, wakapanda Gatsata, wakauacha mji nyuma. Kiangazi kilikuwa kimekolea, mtama ulikwisha kuvunwa, na vilima vilikuwa na rangi ya ngozi ya ng'ombe. Bi Siwatu aliuliza maswali na Swedi aliyajibu. Kilima kile kinaitwaje? Akakipa jina. Na kile? Akakipa jina jingine. Bi Siwatu aliandika yote kwenye daftari. Walipozunguka kona moja akauliza tena, kwa upole, "Na hiki?", na Swedi, ambaye hakukumbuka kwamba ni kile cha kwanza kilichoonekana kwa upande wa pili, akakipa jina la tatu. Bi Siwatu akaliandika na hilo, akalipigia mstari.

Karibu na saa sita Swedi aliegesha mahali alipoegesha kila Jumatano, chini ya miti mikubwa ya umuvumu kandokando ya barabara. Ni miti ile ambayo zamani magome yake yalipondwa yakawa nguo. Hapa ilikuwa mingi, minene, imejipanga kwa duara pana, na kivuli chake kilikuwa kizito na baridi kama ndani ya nyumba. Akatandika mkeka. Wakala sambusa. Kisha akaomba radhi, akazunguka nyuma ya mti wa nne, ambao ulikuwa mti wake, akapunguza maji.

"Pazuri hapa," alisema Bi Siwatu, Swedi aliporudi, akitazama juu. "Nani alipanda miti hii?"

"Hii? Imejipanda yenyewe, mama. Tuende, magofu iko pale juu tu."

Walipanda polepole kwa sababu ya magoti. Swedi alikuwa ameshamuumba mfalme wake wakati wa kuosha gari: mkubwa, mwenye hasira, mwenye wake thelathini. Alimweleza Bi Siwatu habari zake njia nzima, na kwa kweli alimwelezea vizuri, hata yeye mwenyewe akaanza kumwogopa. Wakafika ghalani. Bi Siwatu alisimama mbele ya ukuta, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akakwaruza kiungo cha mawe kwa ukucha.

"Hii ni saruji," alisema.

"Ya zamani, mama. Ya kienyeji."

"Na pale juu ya mlango pameandikwa elfu moja mia tisa hamsini na saba."

Swedi alitazama juu. Mwaka ule wa 1957 ulikuwa umechongwa waziwazi, tarakimu kubwa kama viatu. Jumatano zote zile alikuwa ameliona ghala kutoka barabarani tu. Lakini hakuitwa Najua bure.

"Hiyo ni hesabu ya ng'ombe za mwami," akasema.

"Alihesabu kwa tarakimu hizi hizi tunazoandika sisi?"

"Mwami ule alikuwa na akili sana."

Wakati huo mbuzi wanne wakatoka mlangoni mwa ikulu, mmoja akitafuna, wakasimama kumtazama mgeni. Bi Siwatu akageuka kumtazama Swedi, akisubiri. Swedi akafungua mdomo, na tunaamini alitaka kusema kwamba ni wajukuu wa mbuzi wa mwami, ila nyuma yao akatokea mzee mwenye jembe begani, aitwaye Nzeyimana, mwenye mbuzi na mwenye shamba la maharage lililopakana na ghala. Alishangaa kuona watu wenye nguo za Idi wakitazama zizi lake.

Yeye na Swedi wakasalimiana kwa Kinyarwanda kirefu. Kisha Bi Siwatu akamwuliza kwa Kiswahili cha polepole, kile cha darasani, kama ni kweli hapa ndipo alipokaa mfalme.

"Hapa?" Nzeyimana alicheka mpaka akashika jembe kwa mikono miwili. "Hapa Wazungu waritia kahawa. Mwami arikaa pare chini. Mu ire miti."

Akanyoosha kidole. Wote watatu wakatazama chini kilimani, kwenye duara la mivumu, ambamo Peugeot rangi ya maziwa ilikuwa imeegeshwa katikati kabisa.

Nzeyimana akaeleza, akichanganya lugha zake mbili, na Swedi akatafsiri bila kupenda. Zamani mwami hakujenga kwa mawe. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi na matete, kubwa, imesukwa, na ua wake ulizungushiwa fito mbichi za umuvumu zilizochomekwa ardhini. Mwami akifa au akihama, nyumba iliachwa ioze. Nyasi ziliondoka na mvua. Lakini zile fito za ua zilikuwa hai. Zilitoa mizizi, zikakua, na hakuna aliyethubutu kuzikata. Kwa hiyo ukiona mivumu mikubwa imesimama kwa duara, mahali hapo panaitwa ikigabiro, nawe ujue umesimama nyumbani kwa mwami. Baba yake Nzeyimana alimwonyesha mpaka mti uliokuwa nguzo ya mlango.

"Mlango ni upi?" aliuliza Bi Siwatu, daftari mkononi.

"Wa ine, ukitoka barabarani," akasema Nzeyimana. Halafu akamkodolea macho Swedi, akasogea, akakitazama na kile kikofia. "Yewe! Si ni weye ire ya kira Jumatano? Mwenye gari ya maziwa? Mama, huyu muntu kira Jumatano anakojorea mulango ya mwami! Reo tena nimemuona. Na reo si Jumatano!"

Mbuzi waliendelea kutafuna.

Bi Siwatu hakucheka. Aliteremka kilima, fimbo kwanza, goti baadaye, na wanaume wawili wakamfuata. Alipofika kwenye duara la miti alifanya jambo ambalo Swedi hakulitegemea. Alivua viatu. Aliviweka nje ya duara, akaingia peku, akaenda mti hadi mti akiigusa kwa kiganja, na alipofika kwa wa nne aliugusa kwa juu, kwa busara. Kisha akasimama katikati, karibu na boneti ya Peugeot, akatazama juu kwenye majani, na machozi yakamtoka.

"Kwetu magofu yanapungua," alisema. "Kila masika jiwe linaanguka. Nilipokuwa mtoto palikuwa na ukuta mmoja nilikaa juu yake. Wanafunzi wangu wa mwisho nimewaonyesha kifusi. Haya yenu yanakua." Akajifuta kwa ncha ya khanga, akamgeukia Swedi. "Ulijua?"

Swedi alikuwa na majibu matatu tayari mdomoni. La kwanza: kwamba alijua, ndiyo maana aliegesha hapa. La pili: kwamba alitaka kumshtukiza. La tatu: kwamba mamwami wa zamani walipenda mlango wao umwagiliwe maji. Yote yalikuwa mazuri, na la kwanza lingeweza hata kuaminika. Lakini aliona vile viatu viwili vidogo vimekaa pembeni vikimngoja mwenyewe, akaona na gari lake limepaki sebuleni kwa mfalme kama gari la mlevi, na aibu ikampanda kutoka nyayoni. Miaka ishirini na minne amekula chapati humu ndani. Akavua kofia.

"Sikujua, mama."

"Huyu mfalme alikuwa nani?"

"Sijui."

"Miti hii ina miaka mingapi?"

"Sijui, mama. Na ile vilima ya njiani," akaongeza, maana lango likishafunguka, "majina yote mi niliitunga."

"Nilihisi," alisema Bi Siwatu. "Kimoja ulikipa mawili."

Ajabu ni kwamba hakuna kilichoanguka. Swedi alihisi kama mtu aliyevua kiatu kilichombana tangu ujana. Akamgeukia Nzeyimana na kufanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu apate leseni: akauliza. "Muzee, jina yake mwami huyu nani?" Nzeyimana akasema jina, akasema na la mama yake mwami kama alivyoambiwa. Swedi akauliza alikaa miaka mingapi hapa, na Nzeyimana akajibu, bila aibu hata kidogo, kwamba hajui, baba yake hakumwambia. Swedi alimtazama kwa mshangao. Mtu mzima, mwenye mbuzi wanne, anasema hajui, na bado amesimama wima!

Wakakaa mpaka jua likaanza kulegea, Nzeyimana akisimulia, Bi Siwatu akiandika, Swedi akiuliza. Kabla ya kuondoka Swedi alilisukuma gari nje ya duara kwa mikono, bila kuwasha injini, na akachota maji kwenye kijito akasafisha mti wa nne. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nzeyimana alimsimamia akimwonyesha palipobaki.

Njia ya kurudi Bi Siwatu alisoma daftari lake tu, bila kuuliza jina la kilima hata kimoja. Hilo lilimtisha Swedi kuliko maswali. Kesho baada ya swala ya Ijumaa mama huyu anapanda basi, na pamoja naye inapanda "ndiyo" au "hapana", na sasa anaenda kumwambia Mukasine kwamba mchumba wake ni mwongo anayekojoa ikulu. Hata alipojaribu kutunga cha kujitetea, hakikuja. Gatsata ikapita, Nyabugogo ikapita, na alasiri ilikuwa imeshageuka jioni ya moshi wa jiko walipoingia Biryogo.

Mukasine alikuwa mlangoni mwa mgahawa, unga mpaka viwikoni, na nyuma yake wateja wote waliokuwa wamesikia habari ya magofu, pamoja na wale madereva watatu. Swedi akateremka, kofia mkononi.

"Mumeyaona?" aliuliza Mukasine.

"Tumeyaona."

"Iko ya miaka ngapi?"

Madereva watatu wakakaa tayari kutikisa vichwa kwa namba yoyote itakayotajwa. Swedi aliutazama uso wa Mukasine, na safari hii akaelewa kilichokuwa kinaombwa humo tangu Jumanne.

"Sijui," akasema.

Madereva wakatazamana. Mukasine alijifuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Sema tena."

"Sijui, Mukasine. Hata shangazi... hata mama ataamua nini juu yangu, hiyo pia mi sijui."

Cheko la Mukasine lilitoka lote, likafika kwa mafundi cherehani wa mtaa wa pili, nao wakainua vichwa. Ndani ya Peugeot dirisha la nyuma likagongwa kwa fimbo mara tatu, kama mwalimu anavyogonga meza.

"Swedi!" aliita Bi Siwatu. "Unamwacha nani humu ndani? Njoo umfungulie shangazi yako mlango."